Kaviti Imegoma? Usiifungue Kwanza

Binti wa dada yangu alinipigia Jumamosi usiku. Nilikuwa karakanani kwangu Ngamiani, na friza ya mchuuzi mmoja wa samaki wa Deep Sea ilikuwa imenisumbua tangu mchana. Binti huyo ni fundi wa ubaridi kwenye kituo cha utafiti huko ughaibuni, kituo kinachoondoa kichapuzi chake cha zamani cha shaba (mashine ya kusukuma chembe) na kuweka cha niobi, chuma kinachofanya kazi kwenye baridi kali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona sauti ya kiugonjwa?"

"Mgonjwa si mimi. Kaviti moja imepoteza Q tangu umeme ulipokatika, na wenzangu washaanza kusema tuitoe moduli tuifungue."

Kaviti ni chombo cha chuma ambamo chembe husukumwa, Q ni kipimo cha afya yake, na moduli ni pipa la baridi linalobeba kaviti kadhaa; nitavieleza mbele. Nikamwambia neno lile lile nililokuwa nimemwambia kijana wangu wa karakana asubuhi: usifungue. Mfumo wa gesi wa friza ukiufungua hapa Tanga, unyevu wa pwani unaingia kabla hujageuka kuchukua koleo, na ugonjwa mmoja unakuwa miwili. Moduli ya niobi ni hivyo hivyo, ila hasara yake haihesabiki kwa shilingi za mchuuzi. Kuipasha, kuitoa handakini, kuivunja ndani ya chumba safi, kuirudisha na kuipoza upya ni kazi ya miezi. Kwa hiyo dalili isomwe kutoka nje mpaka iishe maneno.

Tuliyoandikiana majuma mawili yaliyofuata nimeyapanga hapa kwa dalili. Mimi sijawahi kukanyaga handaki la kichapuzi. Fani yangu ni joto na njia zake za kukimbia. Nilichokuja kugundua ni kwamba kesi nyingi za kaviti ni za joto, uchafu na mtikisiko. Kompyuta hulaumiwa kwanza, na mara nyingi huwa haina kosa.

Nzima ikoje

Kichapuzi husukuma chembe, elektroni au protoni, kwa mawimbi ya redio yaliyofungiwa ndani ya kaviti. Kaviti ni vikombe vya chuma vilivyoungana midomo kama shanga nene. Iliyoenea zaidi ilitokana na mradi wa TESLA wa Hamburg: vikombe 9, urefu wa mita 1 na ushee, masafa ya gigahezi 1.3. Mashine za LINAC, vichapuzi vya tiba ya mionzi, za Ocean Road kule Dar, wanakopelekwa wagonjwa wetu wa saratani, ni za aina nyingine, za shaba. Shaba huyala mawimbi na kuyageuza joto, ndiyo sababu hupewa nguvu kwa mapigo mafupi mafupi.

Niobi ikishuka chini ya kelvini 9.2 huwa supakondakta. Kwa umeme wa betri ukinzani wake ni sifuri. Kwa mawimbi ya redio hubaki punje ndogo, nano-omu 10 hivi, na ndiyo maana kaviti hukalishwa kwenye heli iliyogeuzwa maji, ya kelvini 2, nyuzi 271 chini ya sifuri. Kipimo cha afya ni Q, yaani wimbi linadumu mizunguko mingapi kabla ya kufifia. Shaba ina Q ya makumi ya maelfu. Niobi nzuri huvuka bilioni 10. Kengele ya hezi 440 yenye Q hiyo ukiigonga usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani, Idi ingeikuta bado inavuma.

Waliowekeza kwenye supakondakta hawakujutia. CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, iliijaza LEP, kichapuzi chake cha elektroni, kaviti za supakondakta 288, na kufikia mwaka 2000 nishati ya mgongano ilipanda mpaka gigaelektronivolti 209. Jefferson Lab kule Virginia iliongeza moduli 10 mpya, ikatoka gigaelektronivolti 6 ikaenda 12. Lakini watu husahau kwamba ilibidi ijenge na mtambo wa pili wa kupozea heli. SLAC, maabara ya California, ilikuwa ikitoa mapigo 120 ya eksirei kwa sekunde kwa shaba. Moduli 37 za baridi zilipowashwa, mwanga wa kwanza ukaonekana Septemba 2023 kwenye mashine iliyoundwa kufikia mapigo milioni 1 kwa sekunde.

Sasa hesabu ya fundi. Kaviti ya vikombe 9 ikiwa kwenye nguvu ya megavolti 16 kwa mita na Q ya bilioni 27 humwaga wati 10 ndani ya heli. Q ikishuka hadi bilioni 10, inamwaga wati 27. Utasema wati 17 si kitu, taa ya sebuleni tu. Kumbuka kwamba wati 1 ya joto kwenye kelvini 2 hula karibu wati 1,000 za umeme kule kwenye kompresa kuiondoa. Zidisha kwa kaviti 8 za moduli, kisha kwa moduli zote handakini, utaelewa kwa nini mpwa wangu hakulala.

Kabla ya yote, ishuku geji

Ukiambiwa Q imeshuka, uliza imepimwaje. Kaviti ikiwa peke yake kwenye jaribio, Q husomwa kwa kuangalia wimbi linavyofifia. Ikishaingia kwenye moduli njia hiyo haifai tena, kwa sababu mlango wa kuingizia nguvu umefunguliwa wazi na wimbi hutokea hapo. Hapo hupimwa joto: unawasha kaviti, unaona heli inachemka kiasi gani, halafu unazima na kuwasha hita ya wati unazozijua mpaka mchemko ulingane. Hita ikidanganya, kila kitu kinadanganya. Kebo ya kipimo cha nguvu iliyolegea kwenye kiungo nayo huleta uongo: nusu ya desibeli tu hupotosha nguvu kwa asilimia 12. Mpwa wangu alibadilisha kebo mbili, namba haikusogea. Basi ugonjwa ulikuwa wa kweli.

Dalili: Q iko chini hata kwa nguvu ndogo, na hakuna eksirei

Hapa ndipo watu hupoteana, maana washukiwa ni wawili, wote huonekana baada ya kupoza, na wote hutibiwa kwa kupasha. Tofauti ni kiasi cha kupasha.

Wa kwanza ni usumaku ulionaswa. Niobi ikivuka kelvini 9.2 kwenda chini hutakiwa kuusukuma nje usumaku wote. Ikipozwa polepole, ubaridi ukaifunika kutoka pande zote kwa pamoja, usumaku hukosa pa kutokea, ukabaki umekwama kwenye kasoro za chuma. Sisi mji wetu twauita waja leo waondoka leo. Usumaku ulionaswa haujui hayo, ukija leo hauondoki. Na kila uzi wake una kiini ambacho si supakondakta, kinakula mawimbi kama shaba. Usumaku wa dunia hapa Tanga ni maikrotesla 30 na ushee. Ukinaswa wote, kaviti ya gigahezi 1.3 haiwezi kuvuka Q ya bilioni chache hata iwe safi namna gani. Ndiyo maana hufunikwa kwa ngao ya aloi ya nikeli. SLAC walitaka usumaku usizidi maikrotesla 0.5 ndani.

Wa pili ni hidrojeni. Niobi hunywa hidrojeni inapooshwa kwa asidi. Ikikaa kati ya kelvini 150 na 75 kwa muda mrefu, hidrojeni ile hujikusanya mabonge ambayo ni makondakta mabovu, Q ikaporomoka. Kaviti ikipita eneo hilo haraka, mabonge hayapati muda wa kukua. Dawa ya kudumu ni tanuri la ombwe, nyuzi 800 kwa saa kadhaa, hidrojeni itoke yote.

Kuwatenganisha: pasha kaviti mpaka kelvini 20 tu, juu kidogo ya 9.2, kisha ipoze haraka, ubaridi uingie kutoka chini na kupanda juu kama maji kwenye ndoo. Q ikirudi, mwizi ni usumaku. Isiporudi, pasha kupita kelvini 150 na ushuke mbio. Ikirudi sasa, ni hidrojeni. Ukikimbilia kupasha mpaka joto la chumba moja kwa moja, kama wenzake walivyotaka, Q itarudi na hutajua nani alikuwa mwizi, na kesho atakuja tena. Hilo ndilo nililomsisitizia usiku ule mpaka salio likaisha.

Nikaongeza swali la pili: kaviti zenu zilipita tanuri? Akasema zilipita, tena ziliwekwa naitrojeni. Njia hiyo iligunduliwa Fermilab, maabara ya Marekani, na kundi la Anna Grassellino: gesi kidogo ya naitrojeni inapulizwa tanurini kwenye nyuzi 800 kwa dakika chache, uso unasuguliwa kwa umeme na asidi, Q inapanda sana. Kasoro yake ni kwamba niobi ya namna hiyo huumia zaidi na usumaku ulionaswa. Nikaona kamba inamfunga nani.

Dalili: Q nzuri kwa nguvu ndogo, kisha inaanguka nguvu ikipanda

Chukua kipimo cha mionzi usimame nje ya moduli. Jibu liko pale.

Eksirei zikianza kwenye kiwango fulani na kuongezeka mbio mbio, kuna punje ya vumbi ndani. Punje yenye ncha hung'oa elektroni kutoka kwenye chuma, elektroni zikasukumwa na wimbi lililokusudiwa kusukuma nyingine, zikagonga ukuta, zikatoa joto na eksirei. Punje isiyoonekana kwa macho yatosha. Waliofanya kazi korona za mkonge, kwenye chumba cha brashi, wanajua vumbi. Hawa wenzetu wanaogopa vumbi ambalo lile la mkonge lingeonekana kwao kama mawe ya Amboni. Kaviti huoshwa ndani kwa maji yaliyochujwa mno, kwa mgandamizo wa baa 100, na hewa hunyonywa taratibu sana ili kitu kisipeperuke.

Swali la kumuuliza mhudumu ni hili: mara ya mwisho vali ya ombwe iliguswa lini, hata kama ni ya moduli ya jirani? Vumbi husafiri. Kaviti iliyokuwa nzima mwaka jana ikianza kutoa eksirei baada ya kazi ya jirani, sihitaji ushahidi mwingine. Tiba bila kufungua zipo. Ya kizamani ni kuipiga kaviti kwa mapigo mafupi ya nguvu kubwa mpaka ncha iungue. Ninayoipenda mimi ni ya plasma, yaani gesi inayong'aa kwa umeme, iliyoendelezwa kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee: kaviti ikiwa imerudi joto la kawaida, inawashwa plasma ndani yake yenye neoni na oksijeni kidogo, na oksijeni inaunguza mabaki ya mafuta na kaboni yaliyoganda kwenye kuta. Gesi chafu inanyonywa nje, mfumo haujafunguliwa. Ni kama kufukiza ubani ndani ya mtungi wa maji bila kuingiza mkono.

Eksirei zikitokea kwenye kiwango kimoja tu, kwa TESLA karibu na megavolti 17 hadi 20 kwa mita, kisha zikapotea ukivuka, si vumbi. Ni elektroni zinazodunda kwenye ukuta kwa mpigo unaolingana na wimbi, kila mdundo ukizaa wenzake. Kaa hapo hapo kwenye kiwango hicho, usikimbie. Zitausafisha ukuta zenyewe na siku ya pili utapita bila shida. Ukiingiza hewa, zinarudi.

Na Q ikianguka bila eksirei yoyote, kwenye nguvu kubwa sana, hiyo kaviti haikuokwa. Nyuzi 120 kwa saa 48 kwenye ombwe ndiyo dawa, na ilipaswa kufanywa kabla haijaingia kwenye moduli.

Dalili: kwenchi

Kwenchi ni pale sehemu ya niobi inapopata joto, inapoacha kuwa supakondakta, na nishati yote ya wimbi inamwagika ndani ya heli kufumba na kufumbua. Ikitokea kwenye nguvu ile ile kila mara, kuna kasoro mahali pamoja: tone la kulehemu, shimo dogo, kipande cha chuma kigeni. Kwenye jaribio la kwanza, kaviti ikiwa uchi ndani ya pipa la heli, mahali hapo hupatikana kwa ujanja unaonifurahisha. Heli chini ya kelvini 2.17 hupitisha joto kama wimbi, kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde, mwendo wa pikipiki ya mjini. Vipimo vikizungushwa kwenye pipa, kila kimoja kitalisikia joto kwa wakati wake, nawe unahesabu umbali kama tunavyohesabu baina ya kimulimuli cha radi na ngurumo.

Ndani ya moduli huna anasa hiyo. Punguza megavolti 2, wape jirani zake mzigo, endelea na kazi. Kwenchi zisizo na mpangilio ni kesi nyingine: tazama kina cha heli kwanza, kisha dirisha la kauri la mlango wa nguvu, na mwisho eksirei kutoka kaviti ya jirani.

Dalili: masafa yanatikisika

Kaviti yenye Q kubwa ina sikio jembamba. Ile ya SLAC husikia hezi 16 tu kila upande, kati ya hezi bilioni 1.3. Ukiinyoosha kwa nanomita 30 imekwisha kuhama hezi 10, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Nikamwambia mpwa wangu: handaki lenu lingekuwa hapa kando ya barabara ya malori ya saruji, mngefunga ofisi.

Mtikisiko una lafudhi. Chukua rekodi ya masafa, ichambue kwa toni, uone ipi imesimama. Toni ya hezi 24 na kitu ni mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, pampu fulani tu iliyofungwa kwenye sakafu bila mpira. Zima moja moja mpaka toni inyamaze. Hakuna hila zaidi ya hiyo. Masafa yakihama polepole, yakapanda na kushuka pamoja na mgandamizo wa heli, rekebisha mgandamizo, usiguse kaviti.

Toni ngeni kabisa, isiyolingana na mota yoyote, inayobadilika ukigusa vali, mara nyingi ni heli yenyewe inapiga filimbi. Bomba jembamba lenye ncha moja kwenye joto la chumba na nyingine kwenye heli ya maji hujipulizia lenyewe. Moduli za SLAC zilipojaribiwa Fermilab zilikumbwa na jambo hilo kwenye vali za heli. Ikabidi vali zirekebishwe na mabomba yake yabadilishwe upande. Moduli zenyewe hazikuwa na kosa.

Mashine zinazofanya kazi kwa mapigo, kama ile ya Hamburg, zina lao: wimbi lenyewe huibana kaviti. Kwa TESLA ni hezi 1 hivi kwa kila megavolti kwa mita, idadi ya megavolti ikizidishwa kwa yenyewe. Kwenye megavolti 24, yaani 24 mara 24, unapata karibu hezi 580. Hapo kuna kijiwe cha piezo, kinachotanuka kikipewa umeme, kinachoisukuma kaviti kinyume kila pigo. Piezo ikifa, kaviti inaonekana kama ina wazimu.

Dalili: ombwe linaharibika kwenye baridi tu

Umepima liki kwa joto la chumba, hakuna. Umefika kelvini 4, hakuna. Ukivuka 2.17 kwenda chini, ombwe linachafuka. Heli imekuwa majimaji yasiyo na msuguano, na tundu ambalo gesi haikulipita sasa linapitika. Povu la sabuni halikusaidii. Panda na kushuka kwenye 2.17 mara mbili tatu ukitazama ombwe. Likifuata, una jibu, na kwa hili peke yake nakubali kufungua.

Dalili usiyoiona

Lita 1 ya heli ya maji hutoa lita 750 hivi za gesi. Kwenchi kubwa au bomba kupasuka ndani ya handaki huondoa oksijeni, na heli haina harufu wala haichomi macho. Mtu huanguka bila kikohozi. Heli hupanda juu, basi kengele ya oksijeni ikilia inama na utoke, usirudi kuokoa geji. Hapa nyumbani tangu 2016 habari za heli ya Ziwa Rukwa zimewafanya vijana wengi waione kama gesi ya maputo na fedha. Kijana wangu wa karakana naye nilimkatalia kuivuta abadilishe sauti.

Basi ilikuwaje

Jumatano alinitumia grafu. Umeme ulipokatika, heli ilipungua na kaviti ikapanda mpaka kelvini 14. Umeme uliporudi, zamu ya usiku iliwasha sumaku ya kulenga mwale wa chembe, iliyomo ndani ya moduli ile ile, kabla kaviti haijashuka chini ya 9.2, na mtambo wa heli nao ulikuwa unajikongoja, ukapoza polepole. Usumaku ulipata muda wote wa kujibanza. Wakaizima sumaku, wakapasha mpaka 20, wakapoza kwa kasi. Q ikarudi bilioni 25.

"Mjomba, na friza je?"

Friza ilikuwa inagandisha vizuri kisha inaacha, ukiipumzisha inagandisha tena. Nilifunga kitambaa cha maji moto kwenye ncha ya kapilari, gesi ikapiga mluzi na kupita: unyevu ndani, umeganda kwenye tundu. Kuna fundi aliyeifungua kabla yangu na hakufanya vakyumu. Hiyo nimelazimika kuifungua, nimeweka draya mpya na kuivuta saa nne nzima. Mchuuzi ameichukua Alhamisi. Kwa mpwa wangu imebaki kaviti ya 6, ile inayotoa eksirei kidogo tangu vali ya jirani ibadilishwe, na wanasubiri foleni ya mashine ya plasma.